Nondo, Sehemu ya Pili

Miaka kumi na minne, na kile kiti bado nakikumbuka:
safu ya saba, kitambaa kimechanika,
Lempi kushoto kwangu, theluji mabegani mwake,
na nje, Duluth nzima imejikunyata,
ziwa limeganda hadi kwenye gati la kupakilia chuma.
Hatukuwa tumeoana. Tulikuwa na bisi mfuko mmoja.

Nondo akatokea.
Si shujaa wa kifua:
dobi wa hoteli, mwembamba, ana kikohozi,
aliyeota mbawa za vumbi usiku mmoja
na asijue pa kuzificha ila ndani ya koti la mvua.
Aliogopa kimo. Aliruka huku akipapasa kuta.
Taa yoyote ilimvuta, hata ya choo cha stesheni,
nasi tukacheka, kisha tukaacha kucheka.

Alivunja dirisha la mwoka mikate ili amtoe mtoto motoni.
Asubuhi akarudi, kofia mkononi,
kulilipia. Akahesabu sarafu moja moja mezani
na zikapungua mbili.
"Basi," akasema mwoka mikate, "zitakuja."
Ukumbi mzima ulinyamaza kwa ajili ya sarafu mbili.
Ukimya ule sijausikia tena,
hata kanisani,
hata siku walipofunga mgodi.

Jana nimempeleka Aili kuona ya pili.

Nondo kaota misuli. Kikohozi kimepona
wala hakuna aliyejisumbua kutueleza.
Yule alikuwa nondo wa kwenye taa;
huyu wamemfanya nondo ya kwenye zege,
ya kushikilia ghorofa, ya kuuzwa kwa tani.
Adui mmoja hakutosha, wakaleta watano,
kila mmoja na hotuba yake, na moshi wa rangi yake.
Mji ukaporomoka. Nikaanza kuhesabu madirisha,
nikaachia mia tatu na kitu,
nikingoja mtu, japo mmoja, alete ufagio.

Mwoka mikate walimpa sekunde nne.
Anatazama juu. Anasema, "Ni yeye!"
Kazeeka. Unga hana hata kwenye kucha.

Ngoma ivumayo sana hupasuka, wanasema.
Hii haikupasuka. Ilivuma tu,
saa mbili na dakika arobaini,
na mwishoni ikatuahidi ya tatu.

Nikatoka na maneno yangu nimeyapanga mdomoni.
Lakini Aili alishatangulia kwenye maegesho,
zipu wazi, mikono kaitandaza,
anateleza juu ya barafu katikati ya magari,
anazunguka nguzo ya taa, mara moja, mara tatu,
"Baba, ulimwona? Ulimwona lakini?"
Ana miaka kumi na mmoja. Kwake, hii ndiyo ya kwanza.
Nikameza.
"Nilimwona," nikasema. "Funga zipu."

Lempi alirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku,
viatu vya hospitali mkononi, asiamshe mtu.
"Vipi Nondo?"
"Kanenepa."
Akacheka bila sauti, akakaa, akasugua nyayo.
Kisha, muda mrefu baadaye, chai imeshapoa:
"Na zile sarafu mbili?"
"Hazikutajwa. Bado anadaiwa."

Na kutoka gizani, kule koridoni,
ambako mtu alipaswa kuwa amelala:
"Sarafu zipi?"