Nyota Mbili

Umeniuliza kama nimeridhika,
nigonge nyota, moja mpaka tano.
Ngoja kwanza ninawe unga.
Sijui wewe ni nani kati ya wote mnaokaa humo ndani,
kwa hiyo nitasema na wote.

Naanza na bando.
Nilinunua la wiki, nikalitumia kidogo kidogo
kama mafuta ya kukaangia,
na saa sita usiku ya siku ya saba likafa,
nusu yake haijaguswa.
Tangu lini muuza mkaa akarudi usiku,
akagonga mlango wangu hapa Buguruni,
kuchukua vipande ambavyo sijavichoma?
Hata Mangi wa kona, na mizani yake ile,
hajafika huko.

Halafu hili la kusasisha.
Nimelala na simu yangu, nimeamka na ya mtu.
Kitufe cha kupigia kimehama.
Ni kama mwizi ameingia jikoni, hakuiba kitu,
amehamisha chumvi tu.
Mjukuu wangu Rukaya anasema, "Bibi, wameboresha."
Haya. Na mimi bado napapasa.

Fundi Ndimbo wa Mtaa wa Aggrey anasema
betri za siku hizi zimegundishwa, hazitoki bila moto.
Ile yangu ya tochi ilitumbukia kwenye ndoo ya vitumbua,
nikachomoa betri, nikaianika pamoja na dagaa,
jioni ikaita.

Sisemi zamani kulikuwa bora.
Zamani nilipanga foleni asubuhi nzima kulipia umeme.
Sasa nakaa kitandani gizani,
nabonyeza tarakimu ishirini za Luku,
nikikosea ya kumi na tisa naanza upya,
na taa ikiwaka nashukuru, sikatai.
Nyota ya kwanza hiyo, chukua.

Lakini hili la "Kubali".
Nilipoolewa walitumwa watu waje kuniuliza,
wakauliza mara tatu,
mara mbili nikanyamaza kwa makusudi,
kahawa ikawapoa barazani.
Wewe umeuliza mara moja,
kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa
na kitufe kimoja cha kijani.
Nilikuwa nataka elfu sitini ya mchele.
Nikakubali.

Nilichelewa siku mbili.
Ya tatu ukawaandikia wote waliomo kwenye simu:
MWANTUMU PAZI NI MDAIWA SUGU, MWAMBIENI ALIPE.
Ukamwandikia mwenyekiti wa kikoba.
Ukamwandikia muuza nazi wa Tandika,
ambaye mimi ndiye ninayemdai.
Ukamwandikia mkwe wangu,
mtu ambaye mbele yake sijawahi hata kukohoa.
Ukamwandikia na Shomvi, kaka yangu,
tuliyemzika mwaka juzi.
Namba yake sikuifuta. Unaanzaje kuifuta?

Shomvi akajibu.
Nilikuwa nakoroga. Upawa ukazama.

"Shikamoo mama. Laini hii nimeuziwa mwezi wa nne.
Naitwa Ngassa, niko Goba, naendesha bodaboda.
Sikujui. Nimekutumia elfu tano. Usilie."

Jina la kaka juu, maneno ya mtu mwingine chini.
Sikuwa nalia.
Hilo "usilie" ndilo lililoniliza.

Nikamrudishia elfu tano yake, akairudisha,
kila safari makato yanakula chao,
mpaka tukaona tunawanenepesha nyinyi, tukaacha.
Sasa kila Ijumaa alfajiri Shomvi ananisalimia,
anauliza vitumbua vimetoka?
Rukaya anataka abadilishe jina.
Nimemwambia asiguse.

Basi nyota ya pili usidhani ni yako.
Mpelekee Ngassa,
maana wewe huna mtu usiyejua anakokaa.
Na usinikumbushe baadaye.
Unga umeumuka,
nimeshagonga.