Upepo kwa Upepo

Hinewai ameshika penseli kwa vidole vya glavu,
mimi nimelaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga.
Sakitu bado imezing'ata nyasi za Manuherikia,
na chuma cha mtungi wa hewa kinanata kiganjani.
Julai. Huku Julai ndiyo kipupwe chenyewe.

Makopo mawili juu ya boneti ya gari.
La kwanza, marisau: kila punje na kiuno chake
kama nyigu aliyejikaza mkanda,
sketi nyuma, kichwa duara.
La pili, risasi nzito zisizo na kiuno,
michi midogo, butu, yenye tundu puani.
Wauzaji wamezisifu hizi mpaka mate yakawakauka.
Mimi nilinunua kopo. Sifa niliziacha dukani.

Tunapima kwanza. Hinewai anazitenga
zilizopungua hata kwa unywele.
"Hii haina mizani," anasema, anaitupa kando
kama mshororo ulioharibu ubeti.

Mita thelathini. Marisau kumi, tundu moja,
ungeliziba kwa ukucha wa dole gumba.
Risasi nzito kumi: zimetawanyika karatasini
kama wageni waliokosa mwenyeji.
Nikaongeza hewa, sindano ya geji ikapanda.
Nikakaza skrubu ya nyundo, robo mzunguko.
Nikajaribu uzito mwingine, na mwingine tena.
Mtutu una ulimi wake, si kila tonge hulimeza.
Uzito wa tatu, gramu mbili kasoro kidogo,
ukapita bila kulalamika:
matundu matano yakashikana mabega.

Saa nne ukashuka kutoka milima ya Hawkdun.
Hii huitwa bunduki ya upepo,
na upepo wenyewe ukaja kudai jina lake.

Mita themanini.
Marisau yakasukumwa karibu shibiri nzima,
yakafika yamechoka, yakiuliza njia.
Risasi nzito: vidole vitatu, basi.
Hinewai akapiga mluzi.

Sikupiga mluzi.
Aprili, katika upepo kama huu, umbali kama huu,
nilimpiga sungura kwa marisau nikijiona bingwa.
Ilimpata tumboni. Akajivuta mpaka shimoni.
Nilichimba kwa sepetu hadi nyota zikatoka,
mizizi ya zaatari ikininukia mikononi.
Nilimsikia.
Kisha sikumsikia.
Nyumbani nilisema tairi lilipasuka.

Tukaenda kutazama ubao.
Marisau yalikuwa yamelala kwenye ubao wa pili,
yamebonyea kama vifungo vya shati.
Risasi nzito zilivuka wa pili, zikavuka wa tatu,
tukazichokoa kwenye tuta, kina cha kiganja.
Hizi hazijui kuchoka.
Nyuma ya tuta kuna uzio,
nyuma ya uzio kondoo wa Bwana Geddes,
nyuma ya kondoo jiko la Bwana Geddes
likitoa moshi, na mtu ndani yake anakaanga kitu.

Nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Karibu na mabanda, marisau, na mbali nisilenge.
Kwenye mteremko, mlima ukiwa nyuma ya sungura,
risasi nzito, na upepo ukikaza, nirudi nyumbani.
Hivyo nilijiambia. Mwaka jana pia nilijiambia mambo.

Garini nikafungua daftari lake.
Kachora mistari kwa rula, mbali, uzito, hewa,
na safu ya mwisho ambayo sikumwagiza:
"Sababu ya kukosa."
Upepo. Upepo. Baba alipumua.
Upepo. Sungura alipita pembeni, baba akamwangalia.
Upepo.
Baba alikuwa anawaza kitu.

"Kitu gani?" nikamuuliza.

Akatoa kichongeo mfukoni,
akachonga penseli, taratibu,
mpaka vumbi la kaboni likajaa kwenye glavu.