Pindo, Mji, Jina

Mzee Taherali anafunga duka.
Miaka hamsini na mitatu Biashara Street,
sasa mwanawe yuko Toronto na hataki leso,
nami nimeitwa nipige picha za akiba iliyobaki
kabla mwenye nyumba hajabadilisha kufuli.

Nikazitundika kwenye kamba ya nailoni nyuma ya duka,
kivulini, ambapo ukuta ni mweupe na hauazimi mtu rangi.
Ya damu ya mzee ikakubali.
Ya maji ya kunde, ya kahawia, ya bizari, zikakubali.
Ya tisini na mbili ilikuwa feruzi.

Watu watasema feruzi ya bahari.
Mimi nimezaliwa Kuze, bahari naijua,
haijawahi kuthubutu hivi.
Mjini korosho nyeusi, pindoni nukta za kijani kibichi,
na jina lake: UKINIONA MDOGO HUJANIKUNJUA.

Usiku, Tudor, kompyuta ikaniuliza
swali ambalo kila siku hulijibu bila kufikiri:
nafasi ipi ya rangi?
sRGB ni chumba cha kupanga.
Kila simu ya mji huu ina ufunguo wake,
hupotei, ila kabati la bibi yako halipiti mlangoni.
Adobe RGB ni nyumba yenye ua,
na ua wenyewe uko upande wa kijani.
ProPhoto ni jumba
lenye vyumba ambavyo jicho la binadamu halijaingia,
wala halitaingia.

Niliiita feruzi ikae chumba cha kupanga.
Ikainama mlangoni. Ikaacha kitu nje.

Basi nikamtumia Mzee ile ya uani.
Akanipigia hapo hapo: "Wewe, umeifua? Mbona imechujuka?"
Simu yake haikusoma cheti nilichoambatisha,
ilisoma namba tu,
kama mgeni asomaye jina la leso
asijue anasemwa nani.

Kwa Mwadime, mpiga chapa wa Makadara, mambo mengine.
Mashine yake ina wino nne na haina subira.
Akawasha alama ya onyo,
mji wote wa leso ukageuka kijivu kwenye kioo,
kana kwamba umeme umekatika mtaa mmoja.
"Hii hatuna," akasema. "Nikate au nikunje?"

Kukata: kila kilichovuka mpaka kirudi kisimame mpakani,
feruzi na nukta za kijani wabanane pale,
zile nukta ndogo zimezwe.
Kukunja: wote wasogee,
hata manjano ya watu, isiyo na kosa,
apungue huyu, apungue yule,
tofauti yao ibaki.

Nilisimama pale nikinuka wino.
Mamangu alikuwa fundi cherehani.
Gauni la mtoto likizidi urefu, mkasi hakuugusa.
"Kunja ndani," akisema. "Atakua."

Kunja, nikamwambia Mwadime.
Na faili lile pana nimeliacha pana, kwenye diski,
upindo wa akiba,
kwa mashine ambayo haijazaliwa.

Katalogi sitini.
Mzee alichukua moja akaenda nayo mlangoni, kwenye mwanga,
akaweka leso kando ya ukurasa,
akanyamaza kama mtu anayehesabu chenji.
"Si yeye," akasema. Kisha: "Ndugu yake."

Doti ni mbili.
Moja akaikunja akaitia kwapani.
Nyingine akaitandaza juu ya kaunta, akatafuta mkasi,
akaanza kukata vipande vya upana wa kidole gumba,
kimoja, cha pili, cha tatu,
akaniuliza, bila kuinua kichwa,
kama nina gundi.