Sikio la Kijani

Alhamisi robota jipya hukatwa kamba sokoni Jinja,
na mimi, mzee wa stoo ya reli, nimeshapiga goti
kabla vumbi la nchi za watu halijatua.
Wengine wanachambua makoti ya baridi tusiyo nayo.
Mimi natafuta mguu.
Mguu mmoja tu, mwembamba, kisigino juu,
uliozoea kiatu ambacho hakikusafiri nao.

"Baba Midoli kaja," asema Naigaga mwenye meza,
na vijana wa bodaboda wanacheka hadi wanashika matanki.
Wacheke.
Miaka thelathini na mmoja nilitaja bolti kwa namba zake
gizani, kwa kidole gumba.
Stoo ikafungwa; kidole hakikustaafu.

Usianze na uso. Uso hupakwa upya.
Mgeuze, msome chini ya kiuno,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
nchi, na mwaka. Ila mwaka ule
ni wa hati ya kiwanda, si wa kuzaliwa kwake;
wengi wamenunua mjukuu kwa bei ya bibi.
Mkunje goti: likilia ta, ta, ta, mna waya ndani.
Mnuse. Plastiki ya zamani hunuka krayoni iliyosahauliwa juani,
mpya hunuka ndoo.
Kisha sikio. Palipokaa hereni ya shaba
ukijani huingia polepole, mwaka juu ya mwaka,
wala sabuni haiutoi, wala limau.
Wauzaji huuficha kwa nywele.
Mimi huutafuta: mtu alimvisha hereni,
kisha akakua, akamwacha nazo.

Nyumbani ninao arobaini na wawili, kabati la vyombo.
Kagoya mke wangu alivihamisha vikombe bila neno.
Neno lilikuja baadaye, likakaa mwezi mzima.

Juzi Naigaga akanipa mmoja, si wa robota.
Walimkuta darini, nyumba wanayobomoa Barabara Kuu,
ile iliyofungwa mwaka wenyewe walipopewa siku tisini
na sanduku moja moja.
Nikavaa miwani.
Mgongo umesuguliwa, herufi hakuna.
Goti bubu.
Nywele zimekatwa na mkasi wa mtoto, upande upande.
Sikio la kushoto kijani, la kulia safi.
Na mwilini, jamani, gomesi!
Gomesi ya hariri ya sari, zambarau, pindo la dhahabu,
mabega yamesimama kama ya mgeni rasmi,
vifungo viwili vya shanga pale shingoni panapostahili.
Nikaandika daftarini: *Na. 43. Kiwanda, hakijulikani.
Mwaka, haujulikani. Vazi, si lake.*

Kagoya alikuwa akichagua mchele.
Akafuta mikono, akamchukua bila kuniomba,
akaligeuza pindo, ndani nje, mahali ambapo mimi
sijawahi kutazama kwa hao wote arobaini na wawili.
"Mshono unalalia kulia," akasema.
"Huyu alishika sindano kwa kushoto.
Cherehani hakuwa nayo, au ya mama mwenye nyumba haikuguswa.
Alishonea taa ya mafuta, ona, hapa ameruka.
Na mshipi huu, vuta."
Nikavuta. Ukafunguka mara moja.
"Fundo la vidole vya miaka mitano. Yaya wa kwetu huyo,
anamshonea mtoto wa watu."

Nikakaa kimya na kalamu yangu.
Mtoto yule sasa ana wajukuu, pengine, kwenye theluji,
na hereni moja, pengine, katika kopo la vifungo.
Yaya hakugonga mhuri popote.

"Futa hapo," Kagoya akasema, kidole juu ya *si lake*.
Nikafuta. Karatasi ikachanika kidogo.
Akamfunga mshipi upya, polepole, fundo lile lile,
akamsimamisha kabatini, si kwenye safu ya wenzake,
bali katikati ya vile vikombe viwili nilivyoachiwa,
akarudi kwenye mchele wake.
Sikusema neno.