Mililita Tatu

Mama Ndelilio wa Kiboriloni
husifiwa kwa tumbo lake: linaweka siri.
Mume wa fulani alipokopa kikundini mara mbili,
binti wa fulani aliporudi na pete ya kuazima,
alilimeza neno, akafunga sanduku la hisa,
akaendelea kupanga mikungu ya mshare.

Leo tumbo hilo liko mezani kwangu,
mililita tatu ndani ya mrija wa plastiki,
rangi ya chai iliyolala.

Miaka sita aliita vidonda.
Alilamba magadi, akatafuna vidonge vyeupe
kama mwanafunzi mtundu anavyokula chaki,
akaacha pilipili, akaacha mbege,
halafu mtori ukamwacha yeye.

Zamani maji haya tuliyamwaga.
Kamera ikishashuka kooni, kazi ya kwanza
ni kuyafyonza, daktari apate kuona ukuta;
yakaenda kwenye sinki, bomba likafunguliwa.
Maji ya baba yangu yalikwenda hivyo.
Sinki lilijua kabla yetu.

Sasa nayawahi kwa barafu,
maana asidi haina adabu, hula mashahidi wake.
Nayazungusha hadi uchafu ukae chini,
kisha natafuta protini,
vitu ambavyo seli huviangusha
kama mtu anayehama usiku:
kijiko hapa, kandambili pale.
Seli tulivu ina vyake. Iliyoasi ina vingine,
au ni vilevile, ila vingi mno.
Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Hatukuambiwa kwamba nacho hudondosha makombo.

Vishimo tisini na sita. Chake ni cha safu ya nne.
Saa nane usiku umeme ukakatika,
jenereta likakohoa,
nikaishika sahani kwa mikono miwili
kama mtoto aliyetumwa maziwa.
Taa zikarudi. Rangi ikaanza kupanda.
Njano.
Si ya ndizi mbivu. Njano ya kuulizia.

Sijui. Ndiyo hali ya utafiti:
lugha hii bado tunaisoma kwa kukisia,
wala rangi si hukumu. Daktari atakata kipande,
atakitazama. Ila kama ndilo,
huenda bado ni dogo,
halijaruka ua kwenda kwa jirani.

Kumekucha, nimetumwa kumpigia.
Kelele za soko zinatangulia kuitika.
"Mama, njoo Alhamisi. Usile kitu."
Ananyamaza. Mtu anabishania bei ya parachichi.
"Kumbe limesema?"
Limesema kidogo, namwambia.
"Miaka yote nalitunzia siri za watu,
lenyewe likanificha mimi!"
Anacheka, au anakohoa, simu haitofautishi.
"Haya mwanangu, gari la ndizi limefika."

Navua glavu, nafungua droo.
Vidonge vyeupe, vyangu.
Vimebaki viwili.