Kilo Ishirini na Tatu

Mizani ya Mama Nsimire hupima sambaza na unga,
lakini juzi ilipima sanduku langu.
Tulilibeba wawili kutoka Nyamugo hadi soko la Kadutu,
matope yakitushika viatu kama mtu anayetudai.
Kulabu ikalinyanyua, mshale ukaruka,
ukatetemeka, ukasimama penye ishirini na saba.
"Ndege yako inataka ngapi?"
Ishirini na tatu.
"Basi toa kilo nne za dunia,"
akasema, akamgeukia mteja wa muhogo.

Nikafungua zipu mbele ya soko zima.

Barua ya chuo, kutoka Ufilipino, imeorodhesha:
shuka mbili, viatu vya kufungwa,
kadi ya manjano ya chanjo,
Biblia ya lugha unayoombea,
na moyo unaofundishika.
Haikusema moyo huo una uzito gani,
wala kama unashikwa mkononi
au unaingia tumboni mwa ndege na mizigo mingine.

Nilitoa sufuria. Nilitoa kitenge cha pili cha kwaya,
kile cha Pasaka iliyonyesha mvua ya mawe.
Kamusi niliitoa, nikairudisha, nikaitoa.
Unga wa mama sikuugusa.

Jumapili kanisa lilinichangia.
Mzee Balagizi alileta mayai sita, yakapigwa mnada,
yakanunuliwa, yakarudishwa mezani, yakanunuliwa tena,
hata yai la mwisho likafika bei ya mbuzi.
Mchungaji akasema: "Zamani walitujia wao,
wamebebwa kwenye machela.
Leo tunamtuma Nabintu, na anajibebea mwenyewe."
Vigelegele. Nami nilicheka,
huku nikiangalia benchi la tatu upande wa wanaume,
mahali pa Cishugi, kaka yangu,
pamewekwa kofia ya mtu mwingine.

Fomu iliuliza: Eleza kwa ukurasa mmoja ulivyoitwa.
Niliandika mbili, nikapunguza.
Fomu iliuliza: Una ugomvi na mtu yeyote?
Niliandika: Hapana.
Herufi sita. Hazisogezi mshale wowote.

Ugomvi ni parseli ya marehemu baba,
hatua kumi na mbili kwa ishirini,
kwenye mteremko unaoliwa na mvua.
Tunagombania udongo
ambao kila Aprili unashuka wenyewe kwenda ziwani,
hauulizi ni wa nani.
Miaka mitatu hatujaamkiana.

Jana jioni nilipanda piki hadi Bagira.
Umeme ulikuwa umekatika. Nikabisha.
Nilikuwa nimeandaa maneno, mafungu matatu,
kila fungu na aya yake,
kama niliyekwisha kuhitimu.
Akafungua, tochi ya simu usoni pangu,
akanitazama kwa muda ule wa mtu anayehesabu chenji.

"Umekula?"

Sikuwa nimekula.
Mkewe akasogeza kiti.
Tulikula sombe na ugali, gizani, tukigongana vidole kwenye sahani,
na hakuna aliyetaja parseli,
wala Mungu.
Mlangoni akanipa mfuko wa maharage.
"Kule mtalishwa wali tu," akasema,
akafunga kabla sijafungua mdomo.
Nilishuka na aya zangu tatu, zote nzima.

Maharage: kilo mbili kasoro kidogo.

Alfajiri hii nimemkuta Mama Nsimire hajapanga hata mafungu yake.
Gari la mpaka wa Ruzizi linaondoka saa moja.
Mshale: karibu ishirini na tano.
"Toa."
Natoa viatu vya kufungwa, navivaa.
Natoa Biblia, naibana kwapani.
"Bado. Na huo mfuko?"
Huo hapana, Mama.

Ananitazama. Anatazama mshale.
Kisha namwona, polepole,
akiingiza ncha ya kandambili chini ya sanduku,
vile anavyowafanyia wajane,
na mshale unateremka.

"Ishirini na tatu," anasema. "Nenda."