Kamera ya Kizingitini

Saa saba mchana, Arua, jua halina adabu.
Mlango wa kinu changu umekatwa kama kwa kisu:
ndani giza, mikanda, magunia, mngurumo;
nje barabara nyeupe hadi macho yanauma.
Na pale kizingitini, bega moja huku, moja kule,
hukaa Ayikoru, muuza makaa,
akihesabu noti kwa vidole vya masizi
huku unga wangu ukimtua mgongoni
kama mgeni asiyebisha hodi.

Miaka minne namwona hivyo.
Miaka minne simu yangu inakataa kumwona.
Nikimpiga, inanifanyia hisani nisiyoiomba:
kivuli inakiosha,
makaa inayapaka majivu,
barabara inaiunguza ikawa karatasi tupu,
na uso wake inautoa rangi ya chai
iliyopungukiwa majani.

Basi nikaweka. Elfu tano, elfu mbili, siku nyingine sifuri,
ndani ya kopo la siagi nyuma ya mota,
hadi laki mbili na themanini.

Duka la Fadhlmula lina kabati la kioo,
kamera za mkono wa pili zimelala humo kama samaki,
hazipumui, zina macho.
"Hii nyekundu," akasema, "inavuta mbali,
utampiga mtu ng'ambo ya uwanja wa ndege naye asijue."
Sina haja na mtu asiyejua.
"Basi hii. Inalainisha ngozi, inang'arisha uso,
maharusi wa mji huu wote wamepita mbele yake."
Nikamwambia, nimtakaye haombi kung'arishwa,
si sufuria.

Ya tatu ilikuwa rafu ya chini, chini kabisa.
Nyeusi, imechubuka pembe, bati linachungulia.
Haivuti mbali: ukitaka karibu, una miguu.
Ila juu yake kuna gurudumu dogo,
dogo kama kifungo cha shati la mtoto,
lenye kujumlisha na kutoa.

Nikamwomba tutoke nayo hadi mlangoni.
Simama hapo, Fadhlmula. Nusu jua, nusu kivuli.
Sifuri: kanzu yake ikawa moto mtupu.
Toa moja: mishono ikarudi, mmoja mmoja,
kifuani, kwenye pindo, hata doa la mchuzi wa jana,
na kivuli nyuma yake kikakaa kitako,
hakikuomba radhi.
Toa mbili: duka likazama, naye karibu azame nalo.
Nikarudi moja.
Hapo. Hapo ndipo ninapoishi.

"Laki tatu na nusu."
Kioo kina mstari.
"Mstari haupigi picha."
Betri inakufa mapema.
"Hata sisi."
Tukakaa kimya, tukauziana kimya hicho kidogo kidogo,
hadi laki mbili na sabini.
Elfu kumi iliyobaki ikala chaja.

Ayikoru aliniona nikija, akafunga noti kwenye kanga.
"Usinifanye mweupe."
Sina mpango huo.
"Na usiniambie nicheke."
Nikatoa moja. Nikasogea kwa miguu.
Gunia likabaki jeusi, jeusi la kwake,
na kila kipande cha mkaa kikashika uzi wa mwanga ukingoni;
unga begani ukahesabika, punje kwa punje;
barabara ikawa na mawe tena, na nyayo, na ganda la muwa.
Nusu ya uso wake ilikuwepo.
Nusu ilikwenda.

Akaichukua, akaiinamia muda mrefu,
akiikinga jua kwa kiganja.
"Jicho langu la kushoto liko wapi?"
Gizani.
"Linaona?"
Sikuwa na jibu, na mashine ilikuwa inanguruma,
na wateja wawili walikuwa wanangoja, mmoja na debe la mahindi.
Akanirudishia, akafungua kanga, akaanza hesabu upya.

Usiku niliifuta kamera kwa kitambaa.
Unga ulitoka wote.
Kwenye kitufe, alama ya kidole,
masizi, ya kwake.
Nikafuta pembeni, hapo nikapaacha.